Kumpeleka Mama Manyoni kwa Gari Linalochemsha

Tangu nirudi mmenipa pole mmoja mmoja, kisha kila mmoja akanyamaza kidogo, akingoja nieleze. Nimeeleza vipande vipande. Wa kwaya niliwapa habari za msiba, wenzangu wa shuleni nikawapa habari za gari, na sasa nasikia habari hizo zimekutana mjini na hazifanani. Basi naandika yote hapa, nikifuata njia kama tulivyoipita. Mambo ya kuandikishiana gari nayaruka, hayana ladha kwa mtu yeyote.

Kwanza mjue jambo moja. Mama, Kalunde kwa waliokua naye, na kaka yake, Mjomba Maganga, hawakusemezana kwa miaka tisa. Mjomba alifanya kazi reli, akastaafia Manyoni, akajenga hukohuko kwa Wagogo. Bibi alipofariki hapa Tabora, treni ya Mjomba ilikwama njiani, akafika tumeshazika. Mama alimkuta uani, begi bado liko mkononi, akamwambia mbele ya waombolezaji: "Ulingoja afe ndipo uje. Na mimi usije kunizika." Mjomba aligeuka na begi lake akarudi stesheni, hata maji hakunywa.

Mwaka huu binti yake, Neema, alipiga simu kusema baba yake figo zimechoka. Mama alikaa na habari ile siku mbili. Siku ya tatu akaniita: "Nipeleke nikayafute yale maneno kabla hajaondoka nayo."

Mama alivunjika nyonga, kama mnavyojua. Ngazi za behewa hawezi, na kiti cha basi kinamtesa. Husafiri akiwa amejinyoosha kiti cha nyuma cha gari dogo. Ndiyo maana nikaenda kutafuta gari.

Puge hadi Tabora

Nilisikia kuna mkulima mmoja wa mpunga kule Puge anauza gari lake jeupe kwa bei ya chini. Nilikwenda peke yangu, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nilipofika, gari lilikuwa linaunguruma uani tayari, na mzee yule amesimama kando kwa furaha kama mtu anayemtoa binti yake.

Hapa wacha niwaeleze, maana wengine mnatafuta gari na sitaki yawapate haya. Gari lililotumika likute baridi. Ukikuta mwenyewe ameshaliwasha, usigombane naye. Kaa kwenye benchi, omba chai, ongea habari za mvua, mpaka injini ipoe. Kisha fungua mfuniko wa rejeta kwa mkono wako, uchungulie maji, na uchomoe kile kijiti cha oili uone rangi yake. Injini baridi haina uwezo wa kuficha kitu. Hakuna aliyezaliwa anayajua haya. Mimi nimeyajua mwezi huu, na nina miaka hamsini na mbili.

Siwezi kusema mzee alinidanganya. Alisema wazi kabisa, "Gari halina shida, Mwalimu. Linapenda maji tu, kama ng'ombe wa kiangazi." Nikacheka, yeye akacheka, mkewe akaleta wali na kuku wa kienyeji. Nilidhani ni mzaha wa kufungia biashara.

Kabla sijafika nusu ya njia ya kurudi, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho na mvuke ukatoka chini ya boneti. Nilisimama mara nne. Kwenye kituo cha tatu mama mmoja aliyekuwa anauza asali kando ya barabara alinijazia dumu bila kuniuliza kitu, akasema tu kwamba gari lile analijua, hupita hapo kila wiki likiomba maji.

Siku nne Chemchem

Fundi wetu wa mtaa wa Chemchem, Saidi, ni mtu mpole na ana mdomo. Alilingoja lipoe, akafungua rejeta, akainusa. Akaniita. "Mwalimu, umeniletea rejeta au sufuria ya pilau?"

Ndani kulikuwa na bizari ya manjano. Watu huimwaga humo rejeta ikianza kuvuja: unga unakwenda kuganda kwenye tundu na kuliziba kwa siku chache, za kutosha kuuza gari. Ila hapa ugonjwa haukuwa tundu. Saidi alichomoa kijiti cha oili, na oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akanieleza taratibu, nami nawaeleza kama alivyonieleza. Injini ina kichwa chake, mafundi wanakiita hedi, na kati ya hedi na mwili kuna gasketi inayotenganisha maji na oili. Gasketi ikiungua, maji yanaingia yasipotakiwa. Utajaza maji kutwa na hutaona tone chini, kwa sababu injini yenyewe inayanywa.

"Siku nne," alisema. "Hedi imepinda, lazima ikakwanguliwe hadi iwe sawa. Nikikufungia leo utafika, lakini sijui wapi."

Mmeniuliza kwa nini sikukodi gari lingine siku ileile. Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko ninyi. Neema alikuwa amesema mgonjwa anaendelea na dawa, anakaa kitako, anaongea. Na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kumpeleka mama yangu mwenyewe, kwa gari langu mwenyewe. Baada ya miaka yote ya kumwombea lifti kwa watu, nilitaka siku moja nishike usukani yeye akiwa nyuma. Siku nne nikaziona chache.

Kila jioni Mama alinyanyuka na fimbo yake akaenda gereji kumwangalia Saidi. Hakumharakisha. Alikaa kwenye tairi kuukuu, akamuuliza kila chuma kazi yake, na Saidi akawa anamjibu kama anayefundisha mtoto wa darasa la kwanza. Siku ya nne injini ilinguruma bila mvuke. Mipira ya maji ya juu ilibadilishwa yote. Wa chini ulionekana bado mzima, tukauacha.

Tabora hadi Igalula

Tuliondoka alfajiri. Nyuma nilitandika godoro dogo, na kwenye buti niliweka madumu matatu ya maji. Mama alikuwa amefunga matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na gauni la kanisani ndani ya mfuko wa plastiki. Alitaka kulivaa Manyoni, asionekane kama mtu aliyetoka shambani.

Lami ilikuwa nzuri na gari lilikwenda kwa adabu. Mama alinionyesha mahali ambapo baba yake alimwambia wapagazi walikuwa wakilala. Babu zetu walipita njia hii kwa miguu hadi pwani, pembe za ndovu mabegani, na kijana ambaye hajaenda na kurudi hakupewa mke kirahisi.

Igalula nilisimama nipoze injini kidogo. Mwanamke mmoja muuza karanga alisogea, akachungulia kiti cha nyuma, akamwona Mama amelala chali na khanga imemfunika hadi kichwani. Akarudi nyuma hatua mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama namrudisha marehemu kwao.

Khanga ikasogea. "Marehemu anataka karanga za kuchemsha," Mama alisema. "Na usimpunje."

Yule mwanamke alicheka mpaka akakalia beseni lake. Alituongezea kipimo kwa ajili ya kosa lake. Naiandika hapa kwa sababu hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia Mama akitania kwa moyo mweupe katika safari ile.

Mgunda Mkali

Kuanzia Nyahua hadi karibu na Itigi ni pori. Wazee wa misafara walipaita Mgunda Mkali, kwa kuwa hakukuwa na maji kwa siku kadhaa na watu walikufa humo na mizigo yao. Nilikuwa nikiyasimulia hayo darasani kila mwaka, nimesimama kivulini na chaki mkononi.

Mpira wa chini ulipasuka saa nne asubuhi. Nilisikia mlio kama wa mfuniko wa sufuria, kisha mvuke ukafunika kioo. Nikasimama palepale. Ikiwatokea, fanyeni hivi: zimeni injini, fungueni boneti kwa kitambaa, halafu msiguse kitu. Maji ya baridi yakiingia kwenye hedi ya moto inapasuka, na hapo safari imekwisha. Kazi ngumu kuliko zote ni kukaa na dumu la maji mkononi usilimwage.

Tulikaa saa mbili. Magari mawili yalipita, moja likapunguza mwendo, likaondoka. Kisha akaja baba mmoja Msukuma, mchunga ng'ombe, akisukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji ya ndama wake. Mama akamsalimu, "Mwangaluka," naye uso ukafunguka kama amekutana na shangazi. Kisukuma chake na Kinyamwezi cha Mama vilielewana vizuri kuliko mimi na yeye kwa Kiswahili.

Alilala chini ya gari, akautazama mpira, akaenda kwenye baiskeli yake na kutoa tyubu kuukuu. Akaikata mkanda mrefu kwa kisu cha kuchunia, akaufunga mpira mzunguko juu ya mzunguko, akikaza kwa meno. Akasema nisikimbize, nisimame kila nikiona mshale umepita nusu. Kisha akatuachia dumu zima la maji. Nilipotaka kumlipa alimtazama Mama, si mimi, akamuuliza nini kinamtoa mtu wa umri ule porini na gari bovu.

Mama alimweleza. Hakuficha kitu, wala yale maneno ya uani. Alimwambia mgeni yule mambo ambayo mimi niliyaona kwa macho lakini sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

Yule baba alitafuna tobolwa polepole. "Basi nendeni," akasema. "Ndama watangoja."

Tulikwenda kwa mwendo wa baiskeli. Kilomita chache, tunasimama, tunangoja, tunaongeza maji, tunakwenda. Jua lilipoinama tulikuwa ndiyo kwanza tunaingia Itigi, na Mama nyonga imemkaza hata hawezi kukaa wala kulala garini. Nikatafuta nyumba ya wageni. Manyoni ilikuwa mbele kidogo tu. Tulikunywa chai na maandazi barazani, Mama akiwa na miguu yake juu ya stuli, akasema kesho mapema.

Itigi hadi Manyoni

Asubuhi nilikuwa najaza rejeta nje wakati Neema alipopiga simu.

"Baba anaendelea vizuri, dada," alisema. "Leo amekunywa na uji. Msikimbize gari. Njooni polepole."

Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anapasua kuni, na mwanamke akauliza yale masufuria ya kanisa yashushwe wapi.

Ninyi mnajua desturi yetu. Mtu aliye njiani haambiwi. Anaambiwa mgonjwa ana nafuu, anaambiwa aje taratibu, ili mikono yake isitetemeke kwenye usukani. Mimi mwenyewe nilimwambia mdogo wangu uongo wa uji huohuo alipokuwa anaendesha kutoka Mwanza kuja kumzika baba yetu. Kwa hiyo sikumuuliza Neema kitu. Nikamshukuru, nikafunga mfuniko wa rejeta, nikafuta mikono.

"Wanasemaje?" Mama aliuliza. Alikuwa ameshavaa gauni la kanisani.

"Amekunywa uji, mama."

"Mungu ni mwema," akasema.

Njia ile si ndefu, lakini kwa gari letu ilichukua saa nzima na nusu. Na njia nzima Mama alijizoeza. Alikuwa amelala nyuma, simwoni, nasikia sauti tu.

"Nitaanza na shikamoo kaka. Asipoitika nitaisema tena. Halafu nitasema, kaka, yale maneno yalikuwa ya uchungu, hayakutoka moyoni." Nikasikia anajigeuza. "Hapana. Yalitoka moyoni, nisimdanganye mgonjwa. Nitasema, yalitoka moyoni siku ile, na siku ya pili yake niliyataka yarudi, lakini wewe ulikuwa umeshapanda treni. Hiyo ni kweli, nilikuja stesheni. Hakuna anayejua. Nilikuta imeondoka."

Sikuwa najua. Hakuna aliyejua.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, mama."

"Si ndefu mno? Wagonjwa wanachoka."

"Si ndefu."

Akairudia tangu mwanzo, na mara hii akaondoa neno moja na kuongeza lingine, kama mtu anayepunguza chumvi. Aliirudia mara tano au sita. Ningeweza kusimamisha gari wakati wowote. Nilijiambia namhurumia, namwachia furaha ya saa moja. Leo siamini hivyo. Nadhani nilikuwa namwogopa.

Manyoni

Turubai lilikuwa limeshafungwa mbele ya nyumba ya Mjomba. Wanaume kwenye viti, gogo linafuka moshi, wanawake wamejifunga khanga viunoni.

"Simamisha gari," Mama alisema. Nikasimama. Alijiinua kwa kiwiko akatazama kwa muda mrefu kupitia katikati ya viti. "Ulijua tangu wapi?"

"Tangu Itigi, mama."

"Ukaniacha nikaongea peke yangu njia nzima."

Nikashuka kumfungulia mlango. Neema alikuja akamkumbatia, wakalia. Baadaye aliniambia Mjomba alifariki jana yake jioni. Nilihesabu saa. Ilikuwa wakati wa chai na maandazi.

Mazishi yalifanyika mchana ule. Mama aliletwa mbele ya jeneza, akashikwa huku na huku na wanawake, kila mmoja akimwambia ajikaze. Alimtazama kaka yake. Midomo ilimcheza lakini hakikutoka kitu. Wakamwondoa, zamu ikawa ya wengine.

Tuliporudi kutoka makaburini, watani wakaanza kazi yao. Utani wetu Wanyamwezi na Wagogo ni wa tangu misafara. Babu zetu walipita kwao na kiu, wao wakatoza ushuru wa maji, walioita hongo, watu wakapigana, na baada ya miaka mingi ugomvi ukageuka masihara. Mtani msibani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kuchukua kitu, kuziba mlango, kumtania hata marehemu, na hakuna wa kumkasirikia.

Pale alikuwepo jirani wa Mjomba, Mama Chilewa, Mgogo wa umri kama wa Mama, mrefu, muuza mboga za kukausha. Alikuwa amevaa koti la Mjomba la reli na kofia yake. Alipita katikati ya watu akivuta mguu wa kushoto kama Mjomba alivyovuta. Alikohoa kikohozi chake. Akaketi kwenye kiti chake, akaonja chai na kugomba kwa nini haina tangawizi, kwani yeye ni Mhaya wa kahawa. Hata Neema alicheka huku machozi yanamtoka. Walisema ni yeye mtupu.

Kisha akageukia tulipokuwa. "Wanyamwezi wangu hao," alisema kwa sauti nzito ya Mjomba. "Wamekuja na gari linalokunywa maji kuliko msafara mzima. Na hongo ya maji hamjalipa."

Watu wakacheka. Mama akasimama. Alitafuta fimbo yake, akatembea hadi mbele ya kile kiti, na kila mtu akajua atarudisha utani.

"Shikamoo kaka," akasema.

Mama Chilewa alisita. Halafu akaitika, "Marahaba," kwa sauti ileile ya Mjomba.

Na Mama akasema yote. Yalitoka moyoni siku ile. Nilikuja stesheni. Nilikuta imeondoka. Hakukosea neno hata moja. Vicheko vilikatika kimoja kimoja, hadi tukabaki tunasikia gogo linaungua. Alipomaliza alibaki amesimama, anangoja.

Mama Chilewa, ambaye tangu aanze utani hakukosa jibu kwa mtu, alivua kofia akaishika magotini.

"Dada yangu," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "nimekohoa kama yeye kwa kuwa nilimsikia akikohoa. Mguu wake nimeuona kila siku. Lakini jibu la hilo sikuwahi kumsikia akilisema. Siwezi kumwiga asichosema. Nitakuwa nakudanganya juu ya kaburi lake."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Nilisogea nimshike, akanizuia kwa mkono.

"Mimi alinitaja?" akauliza.

"Alikutaja."

"Akinitaja alisemaje? Hilo ulilisikia. Niigie hilo."

Mama Chilewa akairudisha kofia kichwani. Alivuta mguu wa kushoto ndani, akainamisha bega, akakaa kidogo hivyo, kama anasikiliza.

"Kalunde wane," akasema.

Kalunde wangu. Alisema kwa Kinyamwezi, yule Mgogo, kwa lafudhi ya kwetu kabisa, kama mtu anavyomwita mdogo wake kutoka upande wa pili wa shamba.

Mama alifumba macho.

"Tena," akasema.